Usiku wa Mtoto Mwenye Ulemavu Mbele ya Sheria ya Mafao ya Uingereza

Sheria ya mafao ya Uingereza imeutenga usiku na mchana, na kila mmoja imeupa masharti yake. Mtoto mwenye ulemavu ambaye anahitaji kutunzwa sana mchana peke yake hulipwa kiwango cha kati, anayehitaji kutunzwa usiku peke yake hulipwa kiwango hicho hicho, na yule ambaye mahitaji yake hayampi mtunzaji nafasi mchana wala usiku hulipwa kiwango cha juu. Kwa hiyo familia inayojaza fomu ya madai bila kuueleza usiku wake huwa imedai nusu ya haki yake, na katika nyumba nyingi nusu inayoachwa ndiyo iliyo nzito zaidi. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba kukesha na mtoto ni kazi ambayo sheria yenyewe imeitambua kwa zaidi ya nusu karne, lakini utaratibu wa kuithibitisha umemwacha mzazi aliyechoka awe shahidi pekee wa kazi hiyo, na shahidi huyo, kwa sababu za heshima, aibu na mazoea, mara nyingi hunyamaza pale ambapo angepaswa kusema.

Posho inayozungumziwa ni ile ya kuishi kwa watu wenye ulemavu, ambayo hutajwa kwa herufi tatu za DLA. Ilianza kulipwa Aprili 1992, na tangu mwaka 2013, watu wazima wa umri wa kufanya kazi walipoundiwa fao jingine, madai mapya hupokewa kwa watoto ambao hawajatimiza miaka 16 tu. Ina sehemu ya matunzo, yenye viwango vitatu, na sehemu ya mwendo, ambayo haihusiani na usiku na haitajadiliwa hapa. Haitazami mshahara wa wazazi wala akiba yao, haikatwi kodi, na mwenye haki nayo ni mtoto mwenyewe, ingawa mzazi au mlezi ndiye anayedai na kupokea kwa niaba yake. Jina la ugonjwa pekee halitoshi kuipata. Watoto wawili wenye kifafa cha aina moja wanaweza kupewa viwango tofauti, kwa sababu kinachopimwa ni msaada ambao kila mmoja anauhitaji kutoka kwa mtu mwingine, na hitaji hilo liwe limekuwepo kwa miezi mitatu na litarajiwe kuendelea kwa miezi sita mingine. Mtoto ambaye madaktari wanaona kuwa ugonjwa wake unaweza kumwondoa duniani ndani ya miezi 12 hupewa kiwango cha juu cha matunzo bila kupitishwa katika vipimo hivi.

Katika mwaka wa fedha ulioanza Aprili 2025, kiwango cha chini cha matunzo kilikuwa pauni 29.20 kwa wiki, cha kati pauni 73.90, na cha juu pauni 110.40. Tofauti kati ya viwango viwili vya juu, ambayo kwa watoto wengi huamuliwa na usiku, ilikuwa pauni 36.50 kwa wiki, yaani karibu pauni 1,900 kwa mwaka. Kwa kaya zenye kipato kidogo zinazopokea fao la pamoja liitwalo Universal Credit, tofauti hiyo huzaa nyingine kubwa kuliko yenyewe, kwani nyongeza inayotolewa kwa ajili ya mtoto mwenye ulemavu ilikuwa pauni 158.76 kwa mwezi kwa viwango vya chini na vya kati, na pauni 495.87 kwa mwezi pale mtoto anapokuwa na kiwango cha juu cha matunzo. Zikijumlishwa zote mbili, swali la mtoto huyu hulalaje liliweza kubeba karibu pauni 5,900 kwa mwaka, kiasi ambacho kwa familia yenye mzazi mmoja aliyeacha kazi ni kodi ya nyumba ya miezi kadhaa.

Wazo la kulipa matunzo ya usiku halikuanza na DLA. Desemba 1971 serikali ilianza kulipa posho ya uangalizi kwa watu wenye ulemavu mkubwa, na mwanzoni posho hiyo ilikuwa na kiwango kimoja tu, ambacho hakikutolewa isipokuwa mtu awe anahitaji kuangaliwa mchana na usiku pia. Baadaye ndipo kiwango kidogo kilipoongezwa kwa ajili ya mwenye hitaji la wakati mmoja kati ya hizo mbili. Usiku, basi, ulikuwa kipimo cha uzito wa ulemavu tangu mwanzo. Lakini yule aliyekesha hakufikiriwa kwa wepesi huo huo. Posho ya mtunzaji ilipoanzishwa mwaka 1976, wanawake walioolewa, na wale walioishi na mwanamume kama mke na mume, walinyimwa kwa dhana kwamba wao wangekuwa nyumbani tu hata kama pasingekuwa na mgonjwa. Ilichukua miaka kumi kuiondoa dhana hiyo: mwaka 1986 Jacqueline Drake, aliyeacha kazi ili amtunze mama yake mzazi, alishinda kesi yake katika Mahakama ya Haki ya Ulaya, na Uingereza ikalazimika kubadili sheria. Dhana yenyewe ilitoka katika vitabu vya sheria bila kutoka vichwani mwa watu. Mama anayeamka mara nne kwa ajili ya mtoto wa miaka tisa bado huonekana anafanya yale ambayo mama yeyote hufanya, na mara nyingi yeye mwenyewe ndiye wa kwanza kuamini hivyo.

Usiku wa sheria si ule unaoanza jua likizama, na hili ni jambo la msingi katika nchi ambayo jua huzama kabla ya saa kumi jioni mwezi Desemba na baada ya saa tatu usiku mwezi Juni. Katika uamuzi wa mwaka 1974, Jaji Mkuu Lord Widgery alieleza kwamba usiku ni kile kipindi kikuu cha utulivu ambacho kila kaya hukipitia katika saa za giza, na kwamba huanza pale nyumba inapofunga shughuli zake na watu wazima wakaenda kulala. Kwa familia nyingi kipindi hicho huchukuliwa kuwa kati ya saa tano usiku na saa moja asubuhi, ingawa kila nyumba ina desturi yake. Tokeo la tafsiri hii huwashangaza wazazi wengi. Mtoto aliyelazwa saa moja jioni, akaamka akilia saa mbili na nusu na tena saa nne, kisheria amehitaji msaada wa mchana, kwa kuwa watu wazima wa nyumba hiyo hawakuwa wamelala. Msaada huo una thamani yake katika madai, lakini ukiandikwa chini ya usiku huenda ukapotea pande zote mbili. Kwa upande mwingine, mzazi anayechelewa kulala hadi saa nane usiku kwa sababu tu mtoto hatulii hawi ameusogeza mwanzo wa usiku, maana kama si mtoto huyo nyumba ingefungwa saa tano, na saa zile tatu za kukaa macho ni za usiku. Katika nyumba za Waislamu, ambamo mtu huamka alfajiri kuswali kisha akarudi kulala, inafaa desturi hiyo ielezwe waziwazi katika fomu, ili mwamuzi wa madai, yaani mtumishi wa Idara ya Kazi na Pensheni anayesoma fomu na kutoa uamuzi, asije akaihesabu swala kuwa ndiyo asubuhi ya kaya nzima.

Ndani ya usiku huo, kifungu cha 72 cha Sheria ya Michango na Mafao ya Hifadhi ya Jamii ya mwaka 1992 kimefungua milango miwili, na kupita katika mmoja tu kunatosha. Mlango wa kwanza ni msaada wa muda mrefu, au wa kurudiwa, unaohusu kazi za mwili. Mlango wa pili ni kuwepo kwa mtu aliye macho kwa muda mrefu, au kila baada ya vipindi vifupi, akimwangalia mtoto ili asipate hatari kubwa au asiwaletee wengine hatari hiyo.

Kazi za mwili hazikufafanuliwa na Bunge, zikaachwa mikononi mwa majaji. Mwaka 1981 Lord Denning alizitaja kwa upana: kupumua, kusikia, kuona, kula, kunywa, kutembea, kukaa, kulala usingizi, kupanda na kushuka kitandani, kuvaa na kuvua nguo, na kutoa uchafu mwilini. Kuingizwa kwa usingizi katika orodha hiyo ni jambo zito kwa watoto, kwani humaanisha kuwa kumtuliza mtoto mwenye usonji hadi alale tena, kwa kumshika, kumsemesha kwa sauti ya chini au kukaa kando ya kitanda chake, ni msaada kamili mbele ya sheria, sawa na kumbadilisha nepi. Malodi, ambao wakati huo ndio waliokuwa mahakama ya mwisho ya nchi, walisema mwaka 1984 kwamba msaada unaohesabiwa ni ule wa karibu, wa mtu kwa mtu, wala si kazi yoyote ya nyumbani. Na mwaka 1994, katika kesi ya Mallinson, mtu asiyeona, waliupanua kwa kukubali kwamba kumwongoza mtu kama huyo ni msaada unaohusu kazi ya mwili ya kuona. Mwaka 1997 wakachora mpaka mwingine katika kesi ya Cockburn: kufua baadaye mashuka yaliyolowa mkojo si msaada wa aina hii. Mpaka huo ni mkali, na mzazi mwenye rundo la nguo sebuleni atauona kuwa haukumtendea haki, lakini ni heri aujue. Kumwamsha mtoto, kumwosha, kumvisha nguo kavu, kumtandikia upya na kumrudisha kitandani hufanyika mtoto akiwepo na mikono ya mzazi ikiwa juu yake, kwa hiyo huhesabika. Mashine ya kufulia inayozunguka kesho yake asubuhi haihesabiki.

Mlango wa pili una historia inayostahili kukumbukwa. Mwaka 1987, katika kesi ya Moran iliyohusu kifafa, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba uangalizi unaweza kuwa wa tahadhari tu, wa mtu anayekaa tayari kwa ajili ya jambo ambalo huenda lisitokee, na kwamba kutotokea kwa jambo hilo hakuufuti uangalizi wenyewe. Mwaka uliofuata Bunge liliandika upya sharti la usiku, likataka mtunzaji awe macho. Tangu hapo mzazi anayelala chumba kimoja na mtoto mwenye kifafa, sikio moja likiwa wazi, akishtuka kila kitanda kinapolia, hatimizi sharti kwa kulala kwake huko, hata kama usingizi anaoupata haustahili kuitwa usingizi. Hapa sheria ilirudi nyuma. Kukaa tayari usiku kucha ni mzigo halisi, na mwajiri anayemtaka mlinzi au muuguzi alale kazini akisubiri kuitwa huona lazima amlipe chochote kwa usiku huo. Hata hivyo sheria ndivyo ilivyo, na mzazi anayeandika tu kwamba hulala karibu na mtoto kwa sababu ya hofu atakuwa ameeleza jambo la kweli lisilo na uzito, ilhali usiku ule ule huenda aliinuka mara tatu kusikiliza pumzi ya mtoto na kumgeuza ubavu, jambo ambalo lingetosha kabisa.

Maneno ya sheria, muda mrefu, kurudiwa, vipindi vifupi, hayana namba. Namba zimo katika mwongozo ambao idara huwapa waamuzi wake, na mwongozo huo husema kwamba muda mrefu kwa kawaida ni dakika 20 au zaidi, kwamba kurudiwa ni mara mbili au zaidi, na kwamba vipindi vifupi ni zaidi ya mara mbili kwa usiku. Mwongozo si sheria na baraza la rufaa halifungwi nao, lakini kwa vitendo umekuwa lango, na mzazi hana budi kuujua kabla ya kushika kalamu. Wala sheria haisemi kwamba iwe kila usiku. Magonjwa mengi ya watoto huja na kuondoka, na kinachotakiwa ni picha ya jumla ya kipindi kizima, ambayo mzazi huitoa vizuri zaidi akieleza ni usiku ngapi kwa wiki, au kwa mwezi, huwa mbaya, kuliko akiandika neno la jumla kama mara kwa mara, ambalo kila msomaji hulipima kwa kipimo chake.

Dakika 20 zenyewe hupotea kwa urahisi wa kusikitisha. Mtoto wa miaka sita mwenye kisukari cha aina ya kwanza ana kihisio mkononi kinachopima sukari usiku kucha, na saa nane usiku kengele inalia kwa sababu sukari imeshuka chini ya milimoli 4 kwa lita. Mama anaamka, anahakikisha kipimo kwa tone la damu la kidoleni, anamketisha mtoto ambaye hajaamka sawasawa, anamnywesha maji ya matunda kidogo kidogo asipaliwe, kisha inambidi asubiri dakika 10 hadi 15 kabla ya kupima tena, kwa sababu kumwacha alale bila kupima ni kuhatarisha degedege au kupoteza fahamu. Kipimo cha pili kikiwa bado cha chini, mzunguko unaanza upya. Katika fomu mama huyo huandika kwamba alimpa mtoto maji ya matunda, dakika tatu. Kile kipindi cha kusubiri, akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda, anakiona si kitu, kumbe ndicho kilichoubeba usiku wake kuvuka mpaka wa dakika 20, na pengine kumbukumbu ya kihisio chenyewe, inayoweza kuchapwa ikiwa na saa na dakika ya kila kengele, ingekuwa ushahidi ambao mwamuzi asingeweza kuupinga.

Watoto wadogo wana mtihani wa ziada. Kwa kuwa kila mtoto mchanga huamka usiku na kila mtoto wa miaka miwili huvaa nepi, kifungu hicho hicho kinataka mahitaji ya mtoto mwenye ulemavu ama yazidi kwa kiasi kikubwa yale ya kawaida ya watoto wa umri wake, ama yawe ni mahitaji makubwa ambayo mtoto mdogo zaidi mwenye afya anaweza kuwa nayo lakini si mwenye afya wa umri wake. Sehemu ya pili ya sharti hili hupuuzwa na wazazi wengi. Mtoto wa miaka minane anayelowesha kitanda kila usiku hahitaji kuonyesha kwamba anamzidi mtoto wa mwaka mmoja. Inatosha kwamba wenzake wa miaka minane hawahitaji kuoshwa na kubadilishwa saa tisa usiku. Kwa mtoto mchanga, ambaye angenyonya usiku hata hivyo, maelezo hujengwa juu ya kile ambacho mwenzake hahitaji: mashine ya kunyonya makohozi, mirija ya kulishia tumboni, oksijeni, au kunyonyesha kunakochukua saa nzima kwa sababu misuli ya koo ni dhaifu.

Ugonjwa wa selimundu unastahili kutajwa peke yake, kwa sababu unazigusa familia nyingi zenye asili ya Kongo, ya pwani na ya kanda ya Ziwa zinazoishi Uingereza. Ugonjwa huo huzidhoofisha figo zisiweze kuhifadhi maji vizuri, na wakati huo huo madaktari humtaka mtoto anywe maji mengi, hivyo kukojoa kitandani hadi umri mkubwa ni jambo la kawaida kwa wagonjwa hao. Wazazi wasioelezwa hilo hudhani ni tabia, humkemea mtoto, na katika fomu huandika tu juu ya siku za maumivu makali na kulazwa hospitalini. Usiku wa kawaida, ule usio na gari la wagonjwa, wenye kuamshwa mara mbili kwenda chooni, kusuguliwa miguu inayouma na kupewa dawa ya maumivu kwa saa yake, haumo, na ndio ulio mwingi katika mwaka.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na hapo ndipo ulipo ugumu wote wa ushahidi wa usiku. Mwalimu humwona mtoto mchana, daktari bingwa humwona kwa nusu saa kila baada ya miezi kadhaa, na barua zao, ambazo mwamuzi huzithamini kuliko kauli ya mzazi, zina uzito juu ya mambo ambayo waandishi wake wameyaona. Juu ya usiku huandika kile walichoambiwa na mzazi, ikiwa walimwuliza. Kwa wazungumzaji wa Kiswahili hapa pana tatizo ambalo washauri wa mafao ni vyema walielewe. Adabu ya salamu inataka mtu ajibu kuwa hajambo hata akiwa na homa, na habari mbaya ije baadaye, polepole, kama mwulizaji ana nafasi ya kusikiliza. Daktari anayeuliza mtoto analalaje hujibiwa kwamba hajambo, anaendelea vizuri, alhamdulillahi, na kabla mama hajafika penye habari yenyewe daktari amekwisha andika kuwa usingizi hauna tatizo. Miezi mingi baadaye maandishi hayo hutolewa kama ushahidi dhidi ya madai ya mama huyo huyo, naye huonekana ametia chumvi, ilhali alichofanya ni kuwa na heshima.

Aibu nayo hufunga midomo. Si kila baba yuko tayari kuandika kwamba binti yake wa miaka 11 bado anavaa nepi, au kwamba kijana wake mwenye usonji huamka saa nane usiku akajigonga kichwa ukutani mpaka majirani wakabisha hodi. Kuna wanaohofia kuwa kuandika mambo hayo ni kumnenea mtoto mabaya, na wengine hofu yao ni kwamba serikali itawaona wameshindwa kulea. Hofu hizo hazipaswi kudharauliwa, lakini fomu husomwa na watu wa mbali wasioifahamu familia, na mwamuzi hawezi kutoa kiwango kwa jambo ambalo halikuandikwa.

Dawa iliyo karibu ni daftari la usiku, litakaloandikwa kwa wiki moja au mbili, mara tu baada ya kila tukio na si asubuhi kwa kumbukumbu. Mstari mmoja unatosha: saa mtoto alipoamka, alichohitaji, alichofanyiwa, saa aliporudi kulala, na nani aliyeinuka. Ukurasa wenye maneno kama 1.15, amelowa, nimemwosha na kumtandikia, amelala 1.45; 3.30, analia, miguu inamuuma, nimemsugua na kumpa dawa, amelala 4.20, una nguvu kuliko aya nzima inayosema tu kwamba mtoto husumbuka usiku kucha. Saa za daftari hilo ziandikwe kwa hesabu ya Kizungu, kama zilivyo hapo, kwa sababu mzazi aliyezoea hesabu ya Kiswahili akiandika 7.15 kwa maana ya saa saba na robo usiku, mwamuzi atasoma kuwa mtoto aliamka asubuhi, na tukio zima litahamia mchana. Daftari huungwa mkono na vitu vingine vilivyoko tayari: dawa ya usingizi iliyoandikwa na daktari, idadi ya nepi zinazoletwa na huduma ya afya, kumbukumbu za mashine ya kulishia, maelezo ya wauguzi wa zamu ya usiku mtoto alipolazwa wodini, na barua ya shangazi au bibi aliyewahi kumpokea mtoto kwa usiku mmoja ili mama apumzike.

Jambo moja zaidi linahusu neno hitaji, ambalo sheria hulitumia kwa makusudi. Kinachopimwa ni msaada ambao mtoto anauhitaji kwa kiasi cha haki, hata kama usiku fulani hakuupata. Mama aliyelemewa na uchovu akalala fofofo, mtoto akabaki na nguo zilizolowa hadi asubuhi, hajaufuta usiku wa mtoto wake. Hitaji lilikuwepo, mtoaji ndiye aliyekosekana. Vivyo hivyo mtoto anayelazwa kitanda kimoja na wazazi ili asiamke kwa hofu, na ambaye kwa hiyo haamki, bado anahitaji kile kinachomfanya asiamke, ingawa ni lazima wazazi waeleze nini hutokea akilazwa peke yake.

Mzazi anayeomba fomu kwa simu hulipwa kuanzia siku aliyopiga, mradi airudishe ndani ya wiki sita, hivyo simu na ipigwe kwanza, daftari lianzwe siku hiyo hiyo. Uamuzi ukija na kiwango cha kati pale ambapo usiku ulielezwa vya kutosha, mzazi ana mwezi mmoja wa kuomba uangaliwe upya, na ukibaki vile vile anaweza kwenda kwenye baraza la rufaa, ambalo ni huru mbele ya idara na humpatia mkalimani bila malipo. Ni vyema aelewe tu kwamba kiwango chote hufunguliwa upya na kinaweza pia kushushwa. Mtoto hutakiwa awe mkazi wa kawaida wa nchi, na aliyepita miaka mitatu awe amekuwepo humo kwa miezi sita katika miezi 12 iliyotangulia, sharti ambalo wakimbizi waliokubaliwa wamesamehewa. Familia ambazo viza zao zinakataza kutumia fedha za umma zipate kwanza ushauri wa mtaalamu wa uhamiaji, kwa kuwa DLA imo katika orodha ya fedha hizo, ingawa mtoto aliye raia wa Uingereza huweza kuwa na haki yake mwenyewe.

Mtoto akitimiza miaka 16, usiku hupoteza kifungu chake. Fao linaloipokea nafasi ya DLA, lijulikanalo kwa herufi PIP, hutoa alama kwa shughuli kama kula, kuoga, kwenda chooni na kusimamia matibabu, na huutazama muda wa saa 24 kwa ujumla bila kuupa usiku uzito wake. Kijana ambaye mchana ana nafuu lakini usiku hawezi kuachwa anaweza kushuka kiwango, au kukosa kabisa, bila hali yake kubadilika hata kidogo. Uskoti, iliyoanzisha malipo yake ya watoto wenye ulemavu nchi nzima Novemba 2021, ilibakiza masharti ya usiku na kuruhusu aliyekwisha kupokea malipo hayo kabla ya miaka 16 aendelee nayo hadi miaka 18. Kijana wa Dumfries, upande wa Uskoti, na kijana wa Carlisle, upande wa England, wenye ugonjwa mmoja na wazazi wanaoinuka saa zile zile, wana miaka miwili ambayo usiku wa mmoja unahesabiwa na wa mwingine hauhesabiwi, na umbali unaowatenganisha ni mwendo wa chini ya saa moja kwa gari.